Kompyuta ya sebuleni huanzia kwenye TV, si kwenye prosesa

Nyumba nyingi za mjini sasa zina video zilizotapakaa kila kona. Ya harusi iko kwenye DVD ambayo imeanza kukwama katikati ya keki. Za mtoto akitambaa ziko kwenye simu ya baba, ile iliyopasuka kioo. Katuni ziko kwenye flashi tatu ambazo hakuna anayejua ipi ni ipi, na tamthilia ya mama iko YouTube, inakula bando kila jioni.

Kompyuta ya sebuleni hununuliwa ili vyote hivyo vikae mahali pamoja. Ni mashine ndogo iliyounganishwa na TV kwa waya mmoja, yenye diski kubwa ya kutosha, ambayo ikiwashwa huonyesha orodha ya filamu na picha za familia.

Wazo ni zuri, na fedha zake si za kutisha. Matatizo huanzia dukani. Mzazi anayefika Kariakoo na kusema anataka kompyuta ya kuangalizia muvi huulizwa swali moja tu, amekuja na shilingi ngapi, kisha hutolewa mashine kubwa kuliko zote inayolingana na fedha hizo. "Mama, hii ni i7, hapa umemaliza." Anarudi nyumbani na sanduku linalounguruma kama jenereta ya jirani, na usiku huohuo video ya kicheni pati iliyopigwa kwa simu mpya inakwamakwama.

Si kila familia inaihitaji. Nyumba yenye TV ya kisasa na intaneti ya mwezi mzima isiyo na kikomo, ambayo huangalia YouTube na huduma za kulipia tu, tayari ina inachokitaka. Kompyuta pia haiondoi king'amuzi. Kadi ya king'amuzi haiingii ndani yake, na chaneli za kulipia zitaendelea kuja kwa njia ileile. Baba anayeahidi kwamba mashine mpya itafuta malipo ya mwezi anajitafutia ugomvi siku ya mechi.

Vipo pia visanduku vidogo vya Android vinavyouzwa kwa bei ya kutupa. Vyenye majina yanayojulikana havina shida. Visivyo na jina ni jambo jingine: Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa tahadhari kuhusu mtandao wa kihalifu uitwao BADBOX 2.0, ambao umeingia kwenye vifaa vya aina hiyo, vingine vikiwa vimewekewa programu mbaya kabla mnunuzi hajavifungua. Kifaa kama hicho hukaa kwenye Wi-Fi moja na simu ambayo mama anatumia kutuma fedha. Unafuu wake ni wa mashaka.

Kwa familia inayoendelea na wazo lake, kitu cha kwanza cha kukagua kipo sebuleni tayari. TV nyingi za inchi 32, hata zinazoandikwa HD, zina nukta 1366 kwa 768 tu. Full HD ni 1920 kwa 1080, na 4K ni 3840 kwa 2160. Namba hizo huwa kwenye boksi, kwenye kitabu chake, au hupatikana mtandaoni kwa kuandika namba ya modeli iliyo nyuma ya TV. Mwenye TV ya inchi 32 asiyetarajia kuibadilisha hana sababu ya kulipia mashine ya 4K. Kioo chake hakitaonyesha tofauti.

Nyuma ya TV hiyohiyo kuna matundu ya HDMI, na hapa watu wengi hurudi dukani mara ya pili. Kompyuta kadhaa za ofisi hazina HDMI kabisa. Zina VGA, lile tundu la bluu, na DisplayPort. VGA hupeleka picha bila sauti, kwa hiyo familia huona midomo ikicheza. DisplayPort hupeleka vyote viwili, ila inahitaji adapta ya kwenda HDMI. Kwa Full HD, adapta yoyote nzima inatosha. Kwa TV ya 4K inafaa kuulizia adapta au tundu la HDMI 2.0, kwa sababu HDMI 1.4 ya mashine za zamani huishia picha 30 kwa sekunde ikiwa kwenye 4K, na kishale cha kipanya huonekana kama kinavuta mguu.

Baada ya hapo ndipo prosesa inaingia, na ndiyo inayowapoteza wengi.

Video haihifadhiwi ilivyo. Hubanwa ili iwe ndogo, na kompyuta huifungua wakati wa kuonyesha. Kwa miaka mingi njia ya kubana iliyotawala iliitwa H.264, na karibu kila mashine inaiweza. Mwaka 2013 ikaja H.265, ambayo hufanya faili liwe dogo zaidi bila kuharibu picha. Simu za iPhone zilianza kuitumia mwaka 2017 kwa kurekodi, simu nyingi za Android nazo zinaiweza, na muvi nyingi mpya zimebanwa hivyo. Maana yake ni kwamba video za familia zenyewe, za mahafali na za Idi, huenda ni za H.265.

Prosesa inaweza kuifungua video hiyo kwa njia mbili. Ikiwa na sehemu maalumu ya kazi hiyo ndani yake, huifungua bila kuhangaika, feni ikiwa kimya. Isipokuwa nayo, hulazimika kufanya kazi hiyo kwa nguvu zake zote, joto hupanda, feni hupiga kelele na picha hukwama. Jina i3, i5 au i7 halisemi lolote kuhusu sehemu hiyo. Kinachosema ni kizazi.

Kizazi husomwa kwenye namba inayofuata baada ya kistari. Prosesa iliyoandikwa i7-2600 ni ya kizazi cha 2, ya mwaka 2011. Iliyoandikwa i3-7100T ni ya kizazi cha 7, ya mwaka 2017. Muuzaji ataipa ile i7 bei ya juu kwa sababu ya jina, lakini kwenye TV ile i3 ndogo ndiyo itakayoonyesha video ya H.265 kwa utulivu. Zikiwa tarakimu tano, kama i5-10500T, mbili za mwanzo ndizo kizazi, yaani cha 10. Herufi T mwishoni ni ya kufurahia: ni prosesa iliyotengenezwa itumie umeme kidogo.

Kwa prosesa za Intel, kizazi cha 6 huiweza H.265 ya kawaida. Kizazi cha 7 ndicho kilichoongeza H.265 yenye rangi za kina zaidi inayotumika kwenye filamu za 4K, pamoja na VP9, mtindo wa kubana unaotumiwa sana na YouTube. Mtindo mpya zaidi, AV1, ulianza kufunguliwa hivyo kwenye kizazi cha 11. Kwa mashine ya kwanza, kulipia AV1 kunaweza kusubiri.

Kuna kikwazo kingine ambacho wauzaji hawakitaji. Msaada wa Microsoft kwa Windows 10 ulifika kikomo tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa masharti yake rasmi, huanzia prosesa za Intel za kizazi cha 8, ukiacha chache za kipekee. Kwa hiyo familia inayotaka Windows, pengine kwa sababu kijana wa sekondari atachapia kazi zake humo, itafute kizazi cha 8 au zaidi. Familia inayotaka mashine ya filamu tu inaweza kuchukua kizazi cha 7 na kuweka LibreELEC, mfumo wa bure ambao ukiwaka hufungua moja kwa moja programu ya Kodi: mabango ya filamu, picha na muziki, basi. Ni mwepisi mno, na hauna kitu cha mtoto kuharibu.

Mashine zinazofaa zaidi ni zile ndogo za ofisi, zenye ukubwa wa kitabu kinene. Dell huziita OptiPlex Micro, HP huziita EliteDesk Mini au ProDesk Mini, na Lenovo huziita ThinkCentre Tiny. Nyingi zinazouzwa mitumba zimestaafishwa na maofisi ya nje, na kwa sababu zilitengenezwa kukaa mezani mbele ya mtu, hazipigi kelele. Ramu ya GB 8 inatosha. Ikiwa vipande viwili vya GB 4 ni bora kidogo kuliko kimoja cha GB 8, lakini si jambo la kugombea dukani. Adapta ya umeme iwe ya modeli hiyohiyo, kwani nyingine huchomeka na bado mashine isiwake, au iwake ikiwa nzito.

Hapa ndipo wazazi hutofautiana. "Mama watoto, tukiongeza kidogo si tunapata kubwa, na kijana atacheza gemu?" Ni hoja yenye mvuto, na kijana mwenyewe atakuwa ameshaipigia kampeni wiki nzima. Lakini gemu hutaka kadi ya picha, kadi hutaka sanduku kubwa, sanduku hutaka feni, na vyote hutaka umeme. Mashine inayotumia wati 200 kwa saa 4 kila siku humaliza uniti 24 kwa mwezi. Ndogo inayotumia wati 15 kwa saa hizohizo humaliza uniti 1.8. Kwa nyumba iliyo kwenye kundi la TANESCO la matumizi madogo, lenye mpaka wa uniti 75 kwa mwezi, hizo 24 ni karibu theluthi ya umeme wote pamoja na friji. Halafu kuna suala la nani anashika TV saa 2 usiku. Kama gemu ni lazima, itafutiwe mahali pake na wakati wake.

Fedha zilizookolewa hapo ziende kwenye diski. Bei za Kariakoo hubadilika, kwa hiyo ni rahisi zaidi kufikiri kwa mafungu: bajeti ikigawanywa mafungu 10, mashine yenyewe ichukue kama 5, diski zichukue 3, na mawili yanayobaki yalipie adapta, kibodi na kinga ya umeme. Wengi hutoa 9 kwa mashine, kisha wanahifadhi harusi yao kwenye flashi ya kuokota.

Ndani ya mashine inafaa iwemo SSD ya GB 256, kwa ajili ya mfumo tu. Hiyo ndiyo huifanya iwake haraka. Video zikae kwenye diski nyingine. Diski ya TB 1 huonekana kwenye Windows kama GB 931. Filamu ya Full HD iliyobanwa vizuri ni kama GB 2 kwa saa, kwa hiyo hapo kuna nafasi ya saa zaidi ya 450. Video za simu ni nzito zaidi: Apple huhesabu MB 60 kwa dakika kwa Full HD ya H.265, sawa na GB 3.6 kwa saa. Familia inayorekodi sana itaimaliza TB 1 mapema kuliko inavyodhani, na TB 2 si anasa.

Tahadhari kubwa kuliko zote ni flashi na diski za bandia. Flashi ya "TB 2" inayouzwa kwa bei ya soda chache haina TB 2. Imechezewa ili iiambie kompyuta hivyo. Ndani inaweza kuwa na GB 16 au 32, na nafasi hiyo ikijaa, inaendelea kupokea mafaili huku ikifuta ya zamani au kuandika takataka. Majina yote yataonekana kwenye orodha. Siku ya kufungua video ya marehemu babu akisalimia wajukuu, haitafunguka. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza flashi nzima kisha husoma tena ilichoandika. Inachukua saa kadhaa, na ifanyike kabla siku za kurudisha bidhaa hazijaisha, flashi ikiwa bado tupu. Kwa diski ya mtumba, CrystalDiskInfo, nayo ya bure, huonyesha imefanya kazi saa ngapi na kama ina sehemu zilizoanza kufa. Ikionyesha neno la tahadhari kwa rangi ya njano au nyekundu, irudi kwa mwenyewe.

Hata diski halali hufa siku moja, na haitoi taarifa. Kwa hiyo diski za video za familia ni mbili, hata kama ya pili ni ndogo. Filamu hazihitaji nakala, zitapatikana tena. Video ya harusi, ya mazishi, ya mtoto akisema neno la kwanza, hizo zinakiliwa kwenye diski ya pili, na diski hiyo isikae nyumba hiyohiyo. Kwa bibi kunafaa, ikifungwa kwenye mfuko usiopitisha unyevu. Mwizi akiingia sebuleni hubeba kila kilichounganishwa na TV.

DVD za harusi nazo zisisubiri. Mashine ndogo hizi hazina sehemu ya DVD, ila kisomaji cha nje cha USB kinaweza kuazimwa kwa jioni moja. DVD ya kawaida haizidi GB 4.7, na ya fundi wa harusi mara nyingi haina kufuli, hivyo mafaili yake hunakiliwa tu. Anayepata mikwaruzo ajaribu kisomaji kingine kabla ya kukata tamaa, maana vinatofautiana uvumilivu. Mikanda ya VHS inahitaji fundi ambaye deki yake bado inavuta.

Kuhusu sauti, sabufa iliyopo inatosha. Waya wenye kichwa kidogo upande mmoja na vichwa vyekundu na vyeupe upande mwingine huunganisha kompyuta na sabufa karibu yoyote.

Rimoti ya TV kwa kawaida haitaiendesha kompyuta. Kuna kibodi ndogo zisizo na waya, zenye sehemu ya kugusa, zinazoenea kiganjani. Kwa Kodi kuna pia programu ya simu ya Android iitwayo Kore, ambayo hugeuza simu kuwa rimoti kupitia Wi-Fi ya nyumbani. Intaneti yenyewe haihitajiki, ilimradi simu na kompyuta ziko kwenye mtandao mmoja.

Umeme wetu unajulikana. Diski inayozunguka haipendi kukatikiwa katikati ya kuandika, na kurudi kwa umeme kwa kishindo hakupendwi na chochote. Kifaa cha kulinda TV kinachochelewesha umeme hadi utulie ni cha lazima. UPS ndogo ni nzuri ikipatikana. Mashine isifungiwe ndani ya kabati la TV lenye milango, wala isifunikwe kitambaa cha kufuma, hata kama kinalingana na cha makochi. Joto ndilo huwasha feni.

Kodi huruhusu kila mtu kuwa na profaili yake, na za wakubwa kufungwa kwa namba ya siri. Ya watoto ielekezwe kwenye folda moja tu: Ubongo Kids, Akili and Me, katuni zilizochaguliwa, video zao wenyewe. Video za watoto wenyewe, kwa kweli, ndizo hurudiwa zaidi. Kinachowekwa humo kimechaguliwa na mzazi, na kikiisha, kimeisha. Hakuna video inayofuata yenyewe. Folda ya kujaza kwenye vibanda vya muvi ni suala jingine. Kinachonakiliwa huko kwa kawaida hakijalipiwa kwa mwenye kazi, na mtoto anayeelewa kwamba simu ya dukani hailetwi nyumbani bila kulipa atauliza kuhusu filamu pia.

Kabla ya kulipa, jaribio lifanyike palepale dukani. Mzazi aende na flashi yake ikiwa na video tatu: moja ya simu mpya ya nyumbani, filamu ndefu moja, na moja ya 4K kama TV ni ya 4K. Zifunguliwe kwa VLC, ambayo ni ya bure na hufungua karibu kila kitu. Video ikiendelea, vibonyezwe Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na iangaliwe asilimia ya CPU. Ikiwa chini ya 30, prosesa inafungua video kwa njia yake ya raha. Ikiwa inacheza kwenye 90, hiyo si mashine ya sebuleni, hata muuzaji aseme nini. Dakika 10 zinatosha kuisikia feni, ingawa kwa kelele za Mtaa wa Aggrey itabidi kuinama na kusogeza sikio. Risiti iandikwe namba kamili ya modeli, namba ya prosesa pamoja na tarakimu zake zote, na siku za kurudisha kwa maandishi. Neno "i7" peke yake kwenye risiti halimfungi mtu.